Mwaka kwa Hesabu ya London

Mkunazini, Unguja
Jumapili, 3 Juni 1956

Mpwa wangu Simai,

Matar Duni, msemaji wa wazee wa Kaskazini, alisema Ijumaa iliyopita nje ya msikiti wa Makunduchi kwamba safari hii baba yako ataitaja siku ya kukoga Mwaka kwa mdomo wake mwenyewe, mkekani, mbele ya wazee wa pande zote mbili za kijiji. Wamempa Ijumaa, tarehe 20 Julai, baada ya sala. Habari hii nimeipata kwa watu wawili waliokuwapo, dereva wa gari ya shamba na muuza samaki, na maneno yao yanalingana.

Ulikuwapo mwaka jana, kwa hiyo unajua ilikotoka. Kwa miaka thelathini na moja baba yako amekuwa akitoka, anakaa, anasema siku, na watu wanakwenda kukata makuti ya kibanda cha kuchoma na migomba ya kupigana nayo. Mwaka jana hakutoka. Alimtuma mdogo wako Wanu. Matar amesema hivi, neno kwa neno kama nilivyopewa: "Kama mwenye hesabu anaumwa, atwambie. Kama hataki kutuona, atwambie vile vile. Sisi si watu wa kutumiwa salamu." Akaongeza kuwa akikosea, au akikataa kutoka, hesabu ya siku itahama nyumba. Imekuwa katika nyumba yenu tangu babu wa baba yako.

Baba yako aliitikia "Naam" akaenda zake.

Mimi sijafika Makunduchi tangu arubaini ya mama yako. Ni miaka minne. Sababu ni kazi.

Gazetini wananiuliza mpwa wangu anasoma nini huko. Nikijibu historia ya dunia, tamaduni na dini, wanauliza: "Ya dunia yote?" Niandikie jibu ninaloweza kuwapa.

Mjomba wako,
Borafya Shamsi


Makunduchi
Jumapili, 10 Juni 1956

Kaka Simai,

Shikamoo. Sisi wazima, tunakuombea uzima. Baba anakusalimu sana. Ameniambia nikuandikie mara mbili leo, nimemwambia moja inatosha.

Ana swali. Anasema: wewe uliyekwenda kusoma mambo ya dunia nzima, kwa hesabu za huko, Mwaka huu tunakoga lini? Anataka siku na tarehe. Anasema ujibu upesi, barua ifike kabla Juni haijaisha.

Bado anahesabu kama unavyomjua. Akishasali alfajiri anakaa kibarazani na vile vifuu viwili, anatoa komwe moja ya bao huku anaitia kule. Zikifika kumi, mwongo umetimia, anafunga fundo kwenye kamba. Kamba ipo ukutani pale pale. Mimi siku hizi nnakaa naye akihesabu.

Mzee Matar kapita juzi, kauliza hali. Baba alikuwa amelala.

Usiwaandikie watu wengine kuhusu swali hili. Baba hapendi.

Nduguyo,
Wanu


London
Jumanne, 19 Juni 1956

Kwa Baba, kwa mkono wa Wanu,

Shikamoo Baba. Swali lako limenifikia na nimecheka peke yangu chumbani. Najua unanipima. Mtu aliyehesabu Mwaka tangu kabla sijazaliwa hamuulizi mwanawe kwa kuwa hajui. Basi nitajibu kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya ubao.

Mwaka wetu, yaani Nairuzi, asili yake ni Uajemi. Huko Mwaka Mpya ni mwezi wa Machi, siku ambayo usiku na mchana vinalingana. Mababu waliotoka pwani ya Shirazi walikuja nao, lakini mwaka walioubeba una siku mia tatu na sitini na tano kamili: miongo thelathini na sita, na zile tano za mwisho mnazoziita gatha. Jua lina robo siku zaidi. Kwa sababu ya robo hiyo, Mwaka wetu umekuwa ukirudi nyuma kidogo kidogo, karne kwa karne, mpaka kutoka Machi umefika Agosti. Imechukua kama miaka elfu. Wamisri wa kale walikuwa na mwaka kama huo, na wao pia uliwahama. Mambo haya yamo vitabuni, Baba, na sisi tumo ndani yake bila kujijua.

Ninaandika insha juu ya Mwaka wa Makunduchi. Mwalimu wangu anayefundisha dini za Mashariki ameipenda na huenda ikasomwa mbele ya idara. Darasani kila wiki tunasoma watu wengine: Wahindi wa kale, Wayunani, Wachina. Ilipofika zamu ya Afrika ya Mashariki tulipewa saa moja, na saa nzima wanafunzi thelathini walinitazama mimi.

Jibu: mwaka jana tulikoga tarehe 3 Agosti. Mwaka huu pia ni tarehe 3 Agosti, nayo itakuwa Ijumaa. Siku njema. Unaweza kuitaja bila wasiwasi.

Mimi ni mzima. Idi ndogo nilisali katika ukumbi mmoja na wanafunzi wa Pakistani na Naijeria, kisha kila mtu akashika njia yake. Baridi imepungua. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama Zanzibar ni nchi au ni meli.

Mwanao,
Simai Makungu


Makunduchi
Ijumaa, 29 Juni 1956

Kaka Simai,

Shikamoo. Barua yako imefika na jibu tumelipata. Ahsante.

Nilimsomea yote. Ya Wamisri aliniambia niyaruke. Nilipofika kwenye siku alisema, "Ijumaa?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akasema tena, "Ijumaa?" Akahesabu vidoleni. Halafu akasema, "Basi. Kama kasoma."

Sasa kila asubuhi akishakunywa chai nnamuuliza, "Baba, Mwaka lini?" Naye anajibu. Siku za mwanzo alinijibu vingine, lakini tangu juzi anajibu sawa: "Ijumaa, tarehe tatu." Nimefurahi.

Barua yako aliomba aishike. Anautazama mwandiko. Unajua hasomi hati za kizungu, lakini mwandiko wako anaujua. Ameiweka kwenye mfuko wa kanzu.

Usiwe na fikra nyingi. Soma.

Nduguyo,
Wanu


London
Jumatatu, 2 Julai 1956

Mjomba Borafya,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Waambie wa gazetini kwamba ya dunia yote hatuimalizi; tunajifunza namna ya kuuliza "umejuaje?"

Na hilo ndilo linalonileta kwako. Mwalimu amesoma nusu ya insha yangu na ameandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba tarehe isiyo na karatasi ni hadithi. Nimemwambia baba yangu ndiye anayehesabu. Akaniuliza, "Ameandika wapi?" Tafadhali nitazamie katika magazeti ya zamani hapo kazini. Ninataka siku na tarehe za Mwaka wa Makunduchi kwa miaka mitano iliyopita, pamoja na toleo na ukurasa. Mwaka huu ninao: ni Ijumaa, tarehe 3 Agosti. Baba mwenyewe aliniuliza kwa kunipima, nami nikamwambia.

Wenzangu wamekwenda likizo. Chumba cha kulia cha chuo kina meza kumi na mbili na jana tulikuwa watu wawili, kila mmoja kwenye meza yake.

Mpwa wako,
Simai


Mkunazini, Unguja
Jumanne, 10 Julai 1956

Mpwa wangu Simai,

Tarehe uliyompa baba yako si sahihi. Hii ni kwa mujibu wa magazeti yetu wenyewe, niliyoyafungua Jumamosi saa tatu asubuhi mara tu baada ya kusoma barua yako:

1951, Jumamosi, 4 Agosti.
1952, Jumapili, 3 Agosti.
1953, Jumatatu, 3 Agosti.
1954, Jumanne, 3 Agosti.
1955, Jumatano, 3 Agosti.

Matoleo na kurasa nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Soma safu ya siku, si ya tarehe. Mwaka unasogea siku moja ya wiki kila mwaka, haujaruka hata mara moja. Baada ya Jumatano inakuja Alkhamisi. Alkhamisi ya mwaka huu ni tarehe 2, kwa sababu Februari ilikuwa na siku ishirini na tisa, kama ilivyokuwa 1952. Umemweleza baba yako vizuri jinsi Mwaka unavyorudi nyuma, Wanu amenionesha barua. Kisha hukutazama kalenda ya mwaka huu.

Nilikwenda Makunduchi juzi Jumapili, kwa gari ya saa kumi na mbili. Nitakueleza nilichokiona kwa mpangilio.

Baba yako alikuwa kibarazani na vifuu vyake. Akahamisha komwe moja. Akanisalimia kwa jina, akaniuliza habari za mjini. Akahamisha nyingine. Akaniuliza, "Borafya, dada yako hajambo? Tangu asubuhi sijamwona." Nilimjibu hajambo. Akahamisha ya tatu. Wanu akatoka jikoni, akazirudisha mbili, naye baba yako hakumtazama. Nilielewa kwamba si mara ya kwanza.

Wanu amenihadithia. Mwaka jana hakutoka kwa sababu hakuwa na hakika ya njia ya kurudi. Tangu Ramadhani hali imezidi. Kamba ya mafundo ukutani haifai tena. Mwongo mmoja umefungwa mara mbili na mwengine haukufungwa kabisa, Wanu hajui upi. Hajamwambia mtu. Jirani akija, Baba amelala. Matar akija, Baba amelala. Swali la Juni halikuwa mtihani. Wanu ndiye aliyelitunga, kwa sababu yeye hakufundishwa kuhesabu na hakuweza kuuliza mtu yeyote kijijini bila kumfichua baba yake. Alikuomba wewe msaada, ukampa darasa na tarehe.

Nikakaa na baba yako, nikamwambia, "Shemeji, Mwaka ni Alkhamisi, tarehe mbili. Nimeona kwenye magazeti." Akanijibu: "Wewe mtu wa gazeti. Jana mliandika mvua itanyesha." Wanu naye akamwambia. Baba yako akamjibu, "Wewe ulinisomea Ijumaa kwa mdomo wako, leo unageuka?" Akatoa barua yako mfukoni, akaipiga kwa kidole. "Simai kasoma."

Wiki mbili Wanu amemfundisha neno moja na limeingia. Sisi hatuwezi kulitoa. Zimebaki siku kumi mpaka mkekani. Akisema Ijumaa mbele ya Matar, hesabu imehama, na kijiji kizima kitajua kwa nini.

Neno lako ndilo analoliamini. Ukiipata barua hii peleka telegramu siku hiyo hiyo kwa jina langu, nitaifikisha mwenyewe. Kisha andika barua.

Sikupaswa kukaa miaka minne.

Mjomba wako,
Borafya


TELEGRAMU
London, 17 Julai 1956
BORAFYA SHAMSI MKUNAZINI ZANZIBAR
MWAMBIENI BABA NILIKOSEA. MWAKA NI ALKHAMISI TAREHE MBILI. SIMAI


London
Jumanne, 17 Julai 1956

Kwa Baba, kwa mkono wa Wanu,

Shikamoo Baba. Nimetoka posta sasa hivi. Telegramu itakuwa imekufikia kabla ya barua hii, na wewe utakuwa umeshakaa mkekani. Hata hivyo ninaandika, kwa sababu mjomba ameniambia niandike.

Nilikosea. Mwaka ni Alkhamisi, tarehe 2 Agosti. Nilichukua tarehe ya mwaka jana na kuiandika tena. Hesabu ya dakika moja sikuifanya.

Nitasema na lingine, Wanu atanisamehe kwa kumsomesha haya. Ile barua ya Juni sikukuandikia wewe. Nilimwandikia mwalimu. Kabla ya kuitia posta niliinakili, na maneno yale yamo katika insha, ukurasa wa nne, hata ya Wamisri. Wewe uliuliza siku tu. Siku hiyo nilikuwa sijazungumza Kiswahili na mtu kwa wiki tatu, nikapata wa kunisikiliza, nikajisikiliza mwenyewe.

Hapa watu wananiuliza habari za kijiji chetu kwa adabu. Wanauliza juu ya kibanda kinachochomwa, juu ya migomba, juu ya wanawake wanavyoimba. Hakuna aliyeniuliza jina lako. Nami sikulitaja. Katika insha wewe ni "mzee mmoja wa kijijini".

Wanu, ulisema nisiwe na fikra nyingi. Ungeniambia, ningefanya nini? Sijui. Pengine ningehesabu vizuri zaidi. Mniambie kama nirudi.

Mwanao,
Simai


Makunduchi
Jumapili, 22 Julai 1956

Kaka Simai,

Shikamoo. Nakuandikia mambo ya Ijumaa kama yalivyokuwa, maana Mjomba amenambia nisipunguze.

Mjomba alikuja na telegramu Jumatano alasiri, mkesha wa Idi. Baba aliipokea, akaigeuza huku na huku. Unajua telegramu zilivyo, maneno yamepigwa kwa mashine. Akaniuliza, "Hii nani kaandika?" Nikamwambia Simai. Akatoa barua yako ya Juni, akaziweka pamoja kwenye goti, akatazama. Akasema, "Huu si mwandiko wake. Mnanidanganya kwa kuwa mmeniona mzee." Mjomba alimweleza habari za posta na waya za baharini. Baba akasema, "Haya," kama mtu anayemwitikia mtoto. Alkhamisi, Idi yenyewe, nilimuuliza kimya kimya, "Baba, Mwaka lini?" "Ijumaa, tarehe tatu." Chakula cha Idi sikukila.

Ijumaa wanaume wakatoka msikitini. Mkeka ulitandikwa pale penye kivuli cha ukuta. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya ua wa makuti, mimi nimesimama kwenye tundu. Mjomba alimshika Baba mkono mpaka mkekani, halafu akakaa nyuma, kwa sababu yeye si mzee wa pande zile.

Mzee Matar akasema, "Mwenye hesabu, tupo. Mwaka lini?"

Baba akajibu kwa sauti nzuri, "Ijumaa. Tarehe tatu. Kwa hesabu ya mwanangu Simai, aliyeko London."

Kijana mmoja wa Kaskazini aliyesimama nyuma akasema, "Ehe! Siku hizi Mwaka unatoka London, unakuja na meli kama unga wa ngano!" Wakacheka. Mwengine akadakia, "Muandikieni atwambie na mchumba wangu atakubali lini!" Wakazidi. Hata wa upande wetu walicheka, nimewaona. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu alinitazama, akatazama chini.

Mzee Matar hakucheka. Akageuka akasema, "Anayetaka kucheka, nyumba yake iko wapi? Aende." Kisha akasogea mkekani mpaka goti lake likamgusa Baba. Akasema, lakini si kwa sauti ya mkutano, "Makungu. Mimi simuulizi Simai. Simai nilimuona anazaliwa. Mimi na wewe tumeingia jando moja, nnakuuliza wewe. Kwa hesabu yako wewe, lini?"

Baba akatazama vidole vyake, akavikunja viwili.

Akasema, "Kwangu mimi Alkhamisi."

"Mbona umesema Ijumaa?"

"Yeye kasoma."

Hakucheka mtu. Mzee Matar akawageukia wazee, akasema, "Alkhamisi." Mmoja mmoja wakasema Alkhamisi, wa Kusini na wa Kaskazini. Ikapita.

Kaka, aliijua. Tangu siku ile niliyomsomea barua, alipohesabu vidoleni, aliijua. Mengi yamemtoka, lile halijamtoka. Mimi ndiye niliyelisukuma nje kila asubuhi kwa chai.

Baada ya alasiri Mzee Matar alikuja nyumbani. Sikusema Baba amelala. Alikuwa amekaa pale, akamuuliza Mzee Matar, "Wewe mtoto wa nani?" Mzee Matar akajibu, "Mtoto wa Duni." Baba akasema, "Duni mtu mzuri, msalimie." Mzee Matar akaitikia atamsalimia. Mzee Duni kafa kabla sisi hatujazaliwa.

Mzee Matar akanifuata jikoni. "Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu Ramadhani. Na kabla ya hapo kidogo."

"Na umebeba peke yako?"

"Naam."

"Mimi nilidhani ananidharau," akasema. "Mwaka mzima nnasema msikitini ananidharau."

Amesema Jumamosi ijayo wazee watakaa tena, juu ya nani atashika hesabu. Kwa Baba imekwisha, hilo amenambia wazi.

Barua yako ya mkono bado haijafika.

Nduguyo,
Wanu


Mkunazini, Unguja
Jumapili, 29 Julai 1956

Mpwa wangu Simai,

Wazee wa Makunduchi waliamua jana kwamba hesabu itabaki katika nyumba yenu na itashikwa na Wanu. Aliyenieleza ni Matar Duni mwenyewe, na Wanu amethibitisha.

Wawili walipinga. Mmoja alisema mwanamke ataolewa na hesabu itahamia kwa mumewe. Matar alimjibu, "Basi aolewe Makunduchi, wewe una watoto wangapi wa kiume?" Mwengine alisema ingesubiriwa wewe urudi. Matar alisema hesabu haisubiri mtu, kila siku ina komwe yake. Matar mwenyewe hakutaka kuishika. Masharti ni mawili: kila mwongo ukitimia Wanu ataionesha kamba kwa mzee mmoja wa Kusini na mmoja wa Kaskazini, na baba yako atakaa kibarazani kama kawaida, vifuu vyake asinyang'anywe. Vya Wanu vitakuwa vingine.

Barua yako ya tarehe 17 ilifika Jumatano, nikaipeleka siku ile ile. Baba yako aliitazama kabla haijafunguliwa, akasema, "Hii ni yake." Wanu akamsomea. Ilipofika uliposema umekosea, akamkatiza.

"Kakosea nini?"

"Siku ya Mwaka, Baba."

"Si kitu. Akirudi nitamfundisha."

Akataka iendelee. Ilipokwisha aliikunja, akaitia mfukoni pamoja na ile ya Juni, kisha akamuuliza Wanu mimi ni nani.

Umeuliza kama urudi. Masharti ya masomo yako nimeyasoma ofisini kwa waliokupeleka: ukiacha kabla ya 1958 nafasi imekwisha, hakuna likizo ya kurudi nyumbani katikati. Daktari niliyezungumza naye hapa mjini, nilipomweleza dalili, alisema watu wa namna hii hawarudi walivyokuwa. Wengine huishi miaka mingi, wengine hawaishi. Leo bado anakujua. Kama 1958 atakujua, sina wa kunithibitishia. Hayo ndiyo ninayoyajua. Ushauri sina, na ningekuwa nao ungekuwa wa mtu aliyekuwa maili arubaini kutoka hapo na hakwenda.

Insha yako ni juu yako. Kama mwalimu anataka karatasi, kurasa za gazeti unazo. Kama anataka jina, ni Makungu Silima.

Mimi nakwenda Makunduchi kila Jumapili sasa. Nazungumza naye habari za mjini. Akiniuliza dada yangu hajambo, namjibu.

Mwaka utakogwa Alkhamisi hii, tarehe 2 Agosti. Wanu ataanza hesabu alfajiri ya siku hiyo, na mwongo wake wa kwanza utatimia Jumamosi, tarehe 11. Amesema atakuandikia siku hiyo.

Mjomba wako,
Borafya Shamsi